Dirisha lililozibwa likazidi kuvuja: uchambuzi wa kisa cha madirisha ya kuslaidi

Usuli

Jengo ni la ofisi, lina ghorofa nne, na lilikuwa limetumika miaka mingi bila matengenezo makubwa. Chochote kinachoweza kulitambulisha kimeondolewa. Mambo ya ufundi yameachwa yalivyokuwa. Madirisha ni ya alumini, ya kuslaidi: mashata mawili yenye vioo yanayopishana juu ya reli mbili. Upande mmoja wa jengo hupigwa na upepo wa mvua moja kwa moja, na karibu matatizo yote yalikuwa upande huo.

Malalamiko yalikuwa matatu. Maji yanaingia ndani mvua ikivuma na upepo. Mashata ni mazito kusukuma, mengine hayafiki mwisho na komeo halishiki. Vioo vya ghorofa ya tatu vina ukungu mweupe usiotoka kwa sabuni. Kila lalamiko lilikuwa na mtu wake aliyelishughulikia peke yake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anafanya nini. Mwenye jengo alikuwa tayari na makadirio ya kung'oa madirisha yote na kuweka mapya. Alichotaka kwetu ni jibu moja tu: yang'olewe au yasing'olewe?

Mambo yalivyokwenda kabla hatujaitwa

Wa kwanza kufanya kitu walikuwa wasafishaji. Mashata yalipoanza kugoma, walimimina oili chakavu ya injini kwenye reli. Kwa muda mfupi yalisogea vizuri. Kisha oili ikaanza kudaka vumbi, vumbi likageuka kuwa lami nyeusi, na mashata yakawa mazito kuliko mwanzo. Jawabu likawa kuongeza oili.

Ukungu wa vioo ulipewa kibarua cha siku. Akaja na asidi kali ya kusafishia vigae, akasugua kwa brashi, akasuuza kwa haraka. Sehemu ya ukungu iliondoka. Lakini asidi ilichuruzika kwenye fremu, na ile ngozi ya kinga iliyo juu ya alumini ikaliwa: michirizi ya kijivu isiyong'aa, na skrubu zikaota kutu ndani ya wiki chache.

Mvua zilipoingia, maji yakaonekana sakafuni na plasta ya chini ya madirisha ikaanza kuvimba. Akaitwa fundi wa silikoni. Alifanya kazi kwa bidii, hilo lisemwe wazi. Alizungusha silikoni mpya mahali fremu inapokutana na ukuta, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Alipofika kwenye uso wa nje wa reli ya chini akakuta vitundu virefu vyembamba, viwili kwa kila dirisha. Kwake vilionekana kama kasoro ya kiwandani, tena mahali pabaya pa kuwa na tundu. Akaviziba vyote.

Mvua za kwanza baada ya hapo zilikuwa za rasharasha, na sakafu ikabaki kavu. Fundi akalipwa, msimamizi wa jengo akapumua, na plasta iliyovimba ikapakwa rangi mpya kufunika kombe. Ilipokuja mvua ya upepo, maji yaliingia mara dufu. Ofisi mbili zililoa zulia hadi katikati ya chumba.

Tulichokikuta

Kabla ya kugusa kitu tuliomba madirisha matatu tu: moja linalolalamikiwa sana, moja la wastani, na moja la upande usiopigwa na upepo ambalo halikuwahi kuvuja. Hilo la tatu lilimshangaza msimamizi, lakini bila dirisha zima la kulinganisha hujui kipi ni ugonjwa na kipi ndivyo dirisha lilivyoundwa.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote zaidi ya jagi la lita moja. Unafungua shata, unamimina maji polepole kwenye mfereji wa reli, halafu unatulia na kutazama. Katika dirisha la upande mkavu, maji yalizama kwenye mfereji na sekunde chache baadaye yakatokeza nje kupitia vitundu, yakateleza ukutani. Katika dirisha linalolalamikiwa hayakwenda popote. Jagi la kwanza likatulia, la pili likapanda, na la tatu kabla halijaisha maji yakaruka ukingo wa ndani na kudondoka pale pale zulia lilipokuwa limeloa.

Mfereji ule una urefu wa mita 1.8, upana wa milimita 60, na ukingo wa ndani wenye kimo cha milimita 30 hivi. Ukiwa mtupu unabeba lita tatu na ushee. Ukitoa nafasi iliyochukuliwa na lami ya oili na vumbi, unabaki na kidogo zaidi ya lita mbili. Kwa mvua ya upepo inayochapa kioo kizima, kiasi hicho kinajaa upesi, na baada ya hapo kila tone linaloshuka kwenye kioo linaingia chumbani.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Dirisha la kuslaidi halikuundwa kuzuia maji yote yasivuke uso wake. Mashata yanahitaji nafasi ya kusogea, na manyoya ya brashi yaliyo pembeni yanapunguza upepo na vumbi lakini hayazibi maji. Muundaji alilijua hilo. Kwa hiyo aliyaruhusu maji yaingie kwenye reli, akaweka ukingo wa ndani uwe mrefu kuliko wa nje, akatoboa vitundu vya kuyarudisha nje. Ukiziba vitundu hivyo umebakiza beseni.

Kwa nini upande mmoja tu? Ni kwa sababu ya upepo. Upepo wa mita 13 kwa sekunde, karibu kilomita 47 kwa saa, ukigonga ukuta husukuma kwa takriban paskali 100. Msukumo huo unatosha kushikilia maji ya kimo cha milimita 10 yasitoke kwenye kitundu. Dirisha zima linavumilia: maji yanasimama milimita 10 au 15 kwenye mfereji, ukingo ni milimita 30, na upepo ukipungua kidogo yanatoka. Ndiyo maana baadhi ya vitundu huwa na kifuniko kidogo cha plastiki kwa nje chenye ulimi unaofunguka upande mmoja, maji yatoke na upepo usiingie. Katika jengo hili vingi vilikuwa vimegandishwa na rangi ya ukutani, vingine havipo.

Jambo la pili tulilikuta tulipolitoa shata. Vigurudumu vya chini vilikuwa vimekaa kwenye ile lami mpaka vikaacha kuzunguka, na kwa kuburutwa vikasagika upande mmoja vikawa bapa. Shata lilikuwa limeshuka milimita kadhaa. Kwa sababu limeshuka, ulimi wa komeo haukulenga tena kidaka chake, ndiyo sababu watu walikuwa wakilibamiza. Kwa sababu limeshuka, brashi ya juu nayo ilikuwa haigusi reli, na upepo ukawa unapiga mluzi pale. Komeo bovu, mluzi na uzito vyote vilitoka kwenye kigurudumu kisichozidi upana wa vidole viwili.

Raba zinazoshika kioo zilikuwa zimevimba na kulainika pale oili ilipofika. Raba nyingi za madirisha ni za aina isiyopatana na mafuta ya petroli. Zinayanyonya, zinatanuka, kisha zinajitokeza nje ya mfereji wake.

Na ule ukungu? Juu ya madirisha ya ghorofa ya tatu kuna kingo ya zege inayotokeza nje. Maji ya mvua yalipita juu ya zege, yakabeba chokaa, yakadondoka kwenye kioo na kukauka, mwaka baada ya mwaka. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikiachwa dakika chache juu ya kitambaa kilicholowa, iliondoa tabaka la juu. Chini yake pakabaki alama ambazo kucha ikipita juu haisikii kitu, lakini mwanga wa pembeni unazionyesha. Hapo uso wa kioo wenyewe ulikuwa umeshaliwa na maji hayo makali ya zege, na hakuna sabuni wala asidi inayorudisha kilicholiwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutong'oa. Fremu zilikuwa zimenyooka, reli hazijapinda, vioo vizima. Vilivyokufa ni vitu vinavyokufa kwa kawaida: vigurudumu, brashi, raba, skrubu. Hivyo hubadilishwa.

Uamuzi wa pili, kufungua vitundu vyote kabla ya kufanya kitu kingine, ulipingwa. Msimamizi alikuwa mtu mzima aliyeishi na aibu ya mazulia yaliyoloa, na hakutaka kusikia habari ya kutoboa tena.

"Fundi, ukifungua hapo si maji yataingia?"

"Yataingia, mzee wangu, halafu yatatoka. Sasa hivi yanaingia na hayana pa kutokea."

Maneno hayakumtosha, na sioni kwa nini yangemtosha. Kilichombadilisha ni jagi. Tulikata silikoni ya kitundu kimoja kwa wembe mbele yake, mfereji ukiwa umejaa. Maji meusi yakaruka nje kama yaliyokuwa yakisubiri ruhusa, yakashuka ukutani, na ndani ya dakika mfereji ukabaki na tope tu. Baada ya hapo yeye mwenyewe alikuwa akiwaonyesha wengine.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kupiga marufuku asidi kali na dawa ya klorini kwenye fremu na vioo. Alumini haiwezi asidi kali wala alkali kali; zote zinakula ngozi yake ya kinga. Kwa usafi wa kawaida, maji na sabuni laini ya kioevu vinatosha, na siki inaingia tu pale penye alama za chokaa, kisha inasuuzwa.

Kwa vioo vilivyoliwa, mwenye jengo aliambiwa ukweli: ama kung'arishwa na mtaalamu, kazi inayoweza kupotosha taswira kioo kikisagwa bila usawa, ama kubadilishwa, ama kuachwa. Alichagua kuviacha na kuweka mkato chini ya kingo ya zege ili maji yadondoke mbali na kioo.

Kazi yenyewe

Tulianza na mashata, na hapa ndipo watu huumia. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita mraba kwa kila milimita ya unene. Shata la mita 0.9 kwa 1.3 lenye kioo cha milimita 6 lina karibu kilo 18 za kioo pekee, bila alumini. Linanyanyuliwa juu hadi liingie ndani ya reli ya juu, kisha sehemu ya chini inavutwa kuelekea chumbani. Kabla ya hapo lazima uondoe vizuizi vidogo vilivyo kwenye reli ya juu, vile vinavyozuia shata lisinyanyuke. Na ukimaliza lazima uvirudishe. Kwenye madirisha mengi ya jengo hili havikuwepo. Kuna aliyewahi kuyatoa mashata akaona vizuizi ni usumbufu. Maana yake ni kwamba shata la ghorofa ya nne lilikuwa likishikiliwa na uzito wake tu, na mtu akilisukuma kuelekea juu lingeweza kudondoka nje. Kazi yote ya kutoa na kurudisha ilifanywa na watu wawili, eneo la chini limezungushiwa kamba.

Kusafisha reli kulikwenda kwa utaratibu ambao wasafishaji waliuona wa ajabu: kavu kwanza, maji mwisho. Ukimwaga maji kwenye vumbi unatengeneza tope, na tope linakwenda moja kwa moja kwenye kitundu ulichotoka kukifungua. Brashi ngumu ikalegeza, mashine ya kunyonya vumbi ikavuta, kijiti cha plastiki kikakwangua pembe. Lami ya oili ikafutwa kwa kitambaa chenye sabuni ya kukata mafuta. Chuma hakikutumika, kwa sababu mkwaruzo kwenye reli ni mahali pa kigurudumu kipya kujikwaa kila kinapopita.

Silikoni iliyokuwa kwenye vitundu ilikatwa na kung'olewa yote. Ile ya pembezoni mwa fremu ilikaguliwa ikaachwa, ila pale ilipokuwa imewekwa juu ya silikoni ya zamani. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya iliyokauka. Inabanduka kama gamba, na ndivyo ilivyokuwa imefanya kwenye madirisha kadhaa. Hapo tulikwangua hadi kwenye alumini na plasta, tukakausha, ndipo tukaweka upya.

Vigurudumu vipya vilipofungwa, kila shata lilirekebishwa kimo kwa skrubu iliyo pembeni chini. Unazungusha kidogo upande mmoja, unasogeza shata hadi karibu lifunge, unatazama kama pengo kati ya ukingo wake na fremu ni sawa juu na chini. Likiwa sawa, komeo linaingia lenyewe. Karibu makomeo yote yaliyoandikwa kuwa mabovu yalipona hapo, bila kubadilishwa.

Raba mpya zilikatwa zikiwa ndefu kidogo kuliko pembe hadi pembe, zikasukumwa ndani bila kuvutwa. Ukiivuta raba ili itoshe, itarudi kwenye urefu wake na kuacha mwanya kwenye pembe, mahali maji yanapopenda. Kwenye reli hatukupaka mafuta yoyote. Vigurudumu vilipata silikoni ya kupuliza kidogo kwenye ekseli, basi.

Mwisho tulirudia jaribio la maji, safari hii kwa mpira wa maji kutoka nje. Unaanza chini kabisa, kwenye reli, unakaa hapo dakika kadhaa huku mtu wa ndani anatazama, kisha unapanda polepole. Ukianza juu, maji yanashuka kila mahali kwa pamoja, na likionekana tone ndani hutajua limepita wapi.

Matokeo

Mvua ya upepo iliyofuata haikuingiza maji sakafuni, isipokuwa kwenye madirisha mawili. Mashata yanasukumwa kwa mkono mmoja. Mluzi umekwisha.

Plasta ya chini ya madirisha iliendelea kutoa unyevu kwa muda, jambo lililoleta hofu kuwa kazi imeshindwa. Haikuwa hivyo, ukuta ulioloa misimu kadhaa haukauki kwa wiki mbili, na ile rangi iliyopakwa juu yake ilikuwa imefungia unyevu ndani. Ilibidi ikwanguliwe ukuta upumue.

Uchambuzi

Kosa la fundi wa silikoni linaeleweka, na ndiyo maana linarudiwa na wengi. Aliona tundu karibu na maji, akaliziba. Kilichomponza zaidi ni kwamba mvua nyepesi zilimpa cheti. Rasharasha haijazi mfereji, kwa hiyo dirisha lililozibwa hubaki kavu kama lililo wazi. Tofauti inaonekana siku ya mvua kubwa tu, na kufikia siku hiyo fundi ameshaondoka. Kuzuia uvujaji kusithibitishwe na mvua iliyotokea kunyesha; kuthibitishwe kwa jagi na mpira wa maji siku ile ile.

Pia alichanganya uvujaji wa aina mbili. Maji yanayodondoka kutoka ukingo wa ndani wa reli yanasema habari ya mfereji. Plasta inayovimba huku reli ikiwa haijafurika inasema habari ya mahali fremu inapokutana na ukuta. Jengo hili lilikuwa na vyote viwili. Silikoni ile ile iliponya kimoja na kuchochea kingine.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, si vigurudumu vipya. Ni lile dirisha la upande mkavu. Bila kuliona likitoa maji nje kwa utulivu, mjadala wa vitundu ungekuwa wa neno langu dhidi ya neno la fundi mwingine, na mwenye jengo angechagua la bei nafuu.

Kilichoshindikana ni mpango wa kulinda kazi. Tuliandika maelekezo ya usafi: reli ifagiliwe kavu, vitundu vipitishwe kijiti, jagi moja la maji limwagwe kila dirisha mwanzoni mwa msimu wa mvua. Karatasi ikabandikwa chumba cha vifaa. Miezi michache baadaye ukuta wa nje ukapakwa rangi, na wapaka rangi, ambao chumba cha vifaa hawakijui, wakafunika reli kwa utepe wa karatasi ili zisichafuke. Kazi nzuri. Ila utepe wa baadhi ya madirisha haukubanduliwa, na vitundu vikawa vimefungwa tena. Kwingine nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya tundu. Yote hayo jagi lingeyaonyesha, lakini jagi lilikuwa ni jukumu la wasafishaji, na wakati huo kampuni ya usafi ilikuwa imebadilishwa. Sasa jaribio la jagi limehamishiwa kwenye makabidhiano: mkandarasi yeyote aliyefanya kazi upande wa nje hasainiwi mpaka msimamizi amwage maji mbele yake.

Madirisha mawili yaliyoendelea kuvuja yalichunguzwa peke yake. Mfereji ulikuwa unatoa maji vizuri, ila maji yalikuwa yakipenya kwenye pembe ya chini ya fremu, pale vipande viwili vya alumini vinapokutana kwa mkato wa digrii 45. Gundi ya kiungo hicho ilikuwa imekufa. Tuliisafisha pembe kwa ndani na kuijaza gundi nyembamba ya viungo. Dirisha moja likapona, la pili likapunguza tu. Hilo la pili halina dawa bila kung'oa fremu nzima, na limeingizwa kwenye orodha ya matengenezo ya msimu wa kiangazi.